Kigari cha Vikuukuu: Insha juu ya Haki na Dhima ya Muundaji

Hakuna kitu kinachoundwa na mkono wa mwanadamu kisichotokana na kitu kilichokuwako kabla yake. Mjenzi hakuumba jiwe, mshoni hakuumba uzi, wala mhunzi hakuumba chuma. Kuumba si kazi ya binadamu. Kuunda ndiko fungu lake. Lakini katika kuunda kwenyewe mna daraja nyingi, na moja ya daraja hizo ambayo wenye fikira hawajaitazama vya kutosha ni ile ya mtu aokotaye kitu alichokitupa mwenzake akakigeuza kuwa kitu kingine. Mtu huyo hana mgodi wala kiwanda. Ana macho, ana mikono, na ana ua uliojaa vikuukuu. Kazi yake huonekana ndogo, lakini ndani yake mna maswali ambayo wakubwa wa maarifa wameshindana juu yake tangu zamani: Muundaji wa kitu ni nani? Haki yake juu ya kitu hicho ni ipi? Na madhara ya kitu hicho, yakitokea, yataandikwa katika hesabu ya nani?

Mfano unaofaa kwa uchunguzi wa maswali haya ni kigari cha injini kiundwacho nyumbani, kile ambacho washindani wa mbio hukiita gokati. Ni chombo cha magurudumu manne, kilichoinama karibu sana na ardhi hata mpandaji aweza kuigusa kwa kiganja naye yu kitini. Mifupa yake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Hakina springi wala mwili wa bati. Nyuma pana ekseli moja nzima ishikayo magurudumu yote mawili, na injini ndogo iliyokaa ubavuni huizungusha ekseli hiyo kwa mnyororo. Viwanda hutengeneza vigari vya namna hii kwa ustadi na kuviuza kwa bei kubwa. Lakini kile kinachohusu insha hii ni kile kiundwacho uani: injini imetoka katika mashine ya kukatia nyasi, magurudumu katika toroli, usukani katika gari lililogongwa, mnyororo katika pikipiki iliyokufa, na kiti katika chochote kinachokalika. Hapana hata kiungo kimoja cha chombo hicho kilichozaliwa kwa ajili yake.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hili ni mchezo wa watoto wasio na shughuli. Mwaka 1956, katika jimbo la California huko Marekani, fundi mmoja jina lake Art Ingels aliunda kigari cha kwanza cha aina hiyo akisaidiwa na Lou Borelli. Ingels alikuwa mtumishi wa Kurtis Kraft, kampuni iliyosifika kwa kuunda magari ya mbio za Indianapolis. Mikono iliyozoea kufanya kazi katika magari ya thamani kubwa ilichukua injini ndogo ya West Bend, yenye nguvu za farasi zipatazo 2.5, iliyokuwa ziada ya biashara ya mashine za kukatia nyasi, ikaifunga katika fremu ya mabomba. Kigari kilipoonyeshwa katika uwanja wa kuegeshea magari wa Rose Bowl, mjini Pasadena, watazamaji walikusanyika, na muda si muda watazamaji wakageuka waundaji. Kampuni zikaanzishwa kuviuza. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, iliyojulikana kwa misumeno ya injini, ilitoa injini iliyokusudiwa vigari. Mwaka 1962 tume ya kimataifa ya mbio hizo iliundwa chini ya shirikisho la michezo ya magari duniani. Basi kitu kilichoanza kwa mabaki ya kazi nyingine kilipata kazi yake, sheria zake na mashindano yake katika muda wa miaka sita tu.

Swali la kwanza ni hili: Je, mtu wa namna hii ni muundaji au ni mwokotaji? Mpinzani aweza kusema kwamba ni mwokotaji mwenye bahati. Pistoni hakuisubu yeye, kabureta hakuitoboa yeye, na meno ya gurudumu la mnyororo hakuyachonga yeye. Akiulizwa petroli huwakaje ndani ya silinda, yamkini hataweza kueleza kwa ukamilifu. Amekusanya kazi za watu mia asiowajua majina, akaziunga kwa bolti na nati, kisha akasimama mbele ya majirani akasema, "Nimeunda gari." Mpinzani huuliza: kama mtu akikusanya beti za malenga kumi akazishona pamoja, je, huitwa malenga wa kumi na moja?

Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu yake inatokana na kudhani kwamba kitu ni jumla ya viungo vyake. Dhana hiyo si sahihi. Katika masimulizi ya Wayunani, Plutarch ameandika juu ya meli ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya badala yake, hata wanafalsafa wakabishana kama meli ile bado ni ile au imekuwa nyingine. Katika kisa kile mata ilibadilika na umbo likabaki. Katika kigari cha vikuukuu mambo yamepinduliwa: mata imebaki ile ile, na umbo limebadilika. Chuma ni kile kile kilichokata nyasi jana. Lakini leo hakikati nyasi, kinabeba mtu. Kama wako walio tayari kukiri kwamba meli ya mbao mpya yaweza kuwa meli ile ya kale kwa sababu umbo na kusudi havikuondoka, watu hao hao hawana budi kukiri kwamba chuma cha kale chaweza kuwa kitu kipya kabisa kwa sababu umbo na kusudi vimekuja vingine.

Tena umbo hilo haliji kwa kutamani tu. Kitu kilichotupwa huja na tabia yake, na tabia hiyo hubishana na mikono. Injini nyingi za kukatia nyasi zina shafti iliyosimama wima, kwa kuwa kisu chake huzunguka chini kama pia. Ekseli ya kigari imelala. Mjinga hudhani dawa ni kuilaza injini ubavu. Lakini injini iliyolazwa hivyo, kama kulazwa hakukuwamo katika nia ya aliyeiunda, mafuta yake ya kulainisha huacha mahali pake na kabureta yake hupoteza kipimo, na muda si mrefu injini hujila yenyewe. Muundaji hana budi kutafuta njia ya kuugeuza mzunguko uliosimama uwe mzunguko uliolala, kwa gia au kwa ukanda uliopindwa, au aitafute injini ya tabia nyingine. Vivyo hivyo fremu: kwa kuwa kigari hakina springi, mabomba yenyewe ndiyo yafanyayo kazi ya springi, nayo hupindika kidogo katika kila kona. Mwenye kuogopa akaongeza chuma kila mahali hupata kigari kigumu kinachokataa kukata kona. Mwenye kubana akapunguza chuma hupata kigari kinachopasuka katika maungio. Kiasi kilicho baina ya hofu na ubahili hakipatikani dukani. Hicho ndicho muundaji alichokileta, na hicho ni chake kwa haki.

Hata hivyo haki hiyo ina deni ndani yake. Anayesema "Nimeunda" husema kweli. Anayesema "Nimeunda peke yangu" husema uongo. Na uongo huu si wa mwokotaji tu. Kiwanda kikubwa nacho kilikuta kanuni za moto, hesabu za meno ya gia na ufundi wa kusubu chuma vikiwa tayari duniani. Tofauti ni kwamba deni la kiwanda limefichwa chini ya rangi mpya, na deni la mwokotaji linaonekana wazi katika kutu na alama za bolti za zamani. Kwa upande huu kigari cha vikuukuu ni kitu cha kweli kuliko vingi vinavyong'aa: kinakiri kwa kila aonaye kwamba kimesimama juu ya kazi za wengine.

Swali la pili linahusu neno "kutupwa." Mtu hutupa kitu anapoona kwamba hakimfai, lakini kutofaa si sifa ya kitu, ni hukumu ya mtu juu ya kitu. Mashine ya kukatia nyasi ambayo kisu chake kimepinda na sahani yake imeliwa na kutu ni mashine iliyokufa machoni pa mwenye bustani, huku injini yake ingali na miaka ya uhai. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nao wakaonya mtu asiache mbachao wake kwa msala upitao. Katika semi hizi mbili mna falsafa nzima ya vikuukuu: kwamba mwisho wa kazi moja si mwisho wa uwezo, na kwamba upya si ushahidi wa ubora.

Lakini hapa fikira haina budi kwenda polepole, kwa maana pana sifa ambazo ni rahisi kutolewa na ni ghali kwa anayesifiwa. Waundaji wa California waliokota katika wingi. Injini ilikuwa ziada kwa sababu nchi ilikuwa na injini kuliko haja yake, na aliyeshindwa kuunda kigari alirudi nyumbani bila hasara kubwa. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, mjini Nairobi, wanaogonga mapipa ya mafuta mpaka yakawa majiko na masanduku, huokota katika uchache. Huko Goma, mashariki ya Kongo, watu huunda chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho mpira wa matairi makuukuu hufungwa katika magurudumu yake, na kwa chombo hicho hubeba viazi, makaa na mbao za kulisha nyumba. Watoto wa pwani na wa bara wamefinyanga magari ya waya na kuyavisha magurudumu yaliyokatwa katika soli za kandambili. Ustadi wa hawa wote ni wa kweli. Bali anayesimama mbali akawasifu kwa werevu wao wa kufanya kila kitu bila kitu, bila kuuliza kwa nini wamekosa, huigeuza shida ya mwenzake kuwa tamasha yake. Ubunifu wa mhitaji unastahili heshima. Uhitaji wake haustahili sifa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilisaidia kuwaonyesha wataalamu kwamba kazi za namna hii ni kazi na wala si uzururaji. Kukiri huko kulikuwa jambo jema. Lakini kukiri kwamba mtu anafanya kazi ni mwanzo wa haki yake, si utimilifu wake.

Pana na jambo la pili katika neno hilo la kutupwa. Si kila kilicho chini kimetupwa. Vyuma chakavu vina soko, na soko lisilouliza hutafutiwa bidhaa na mkono usiongoja. Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda, kwa kuwa miundombinu ya umeme na mingine ya umma ilikuwa ikiharibiwa na wezi wa chuma; biashara ikafunguliwa tena baadaye mwaka huo huo chini ya masharti mapya. Katika tukio hilo muundaji wa uani ana fundisho la kujifunza. Bomba linalofaa sana kuwa fremu ya kigari laweza kuwa lilikuwa uzio wa daraja. Fremu ikiundwa kwa bomba hilo, mtoto mmoja amepata mchezo na mji mzima umepoteza kinga. Basi neno "nimeokota" halitoshi kuwa jibu. Hutakiwa kufuatwa na jibu la swali la pili: lilikuwa la nani, na aliliacha kwa hiari? Uhalali wa kitu kilichoundwa huanza kabla ya msumeno kugusa chuma.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la dhima. Ndani ya injini ndogo za kukatia nyasi mna kifaa ambacho mafundi hukiita gavana, kwa jina lile lile walilopewa watawala wa zamani. Kazi yake ni kuibana injini isizunguke kupita kiasi kilichowekwa na aliyeiunda. Kijana anayetaka mwendo hugundua upesi kwamba gavana huyu aweza kuondolewa kwa bisibisi na subira ya dakika chache, bila ya maandamano wala damu. Mara injini hulia kwa sauti mpya, na kijana hudhani ameikomboa.

Na ichukuliwe hesabu. Injini yenye gavana huzunguka mara zipatazo 3,600 kwa dakika. Gurudumu la mnyororo lililo kwenye injini likiwa na meno 12, na lile la ekseli likiwa na meno 72, ekseli huzunguka mara 600 kwa dakika. Tairi la kipenyo cha sentimita 28 hutembea sentimita 88 kwa kila mzunguko. Basi kigari huenda kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa, kwa makadirio. Gavana akiondolewa na injini ikakubali kufika mizunguko 7,200, mwendo huwa kilomita 64. Kijana huona kwamba amezidisha mara mbili. Maumbile hayahesabu hivyo. Nguvu iliyomo katika kitu kiendacho huzidi kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, kwa hiyo kilichozidi si mara mbili, ni mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 32 kwa saa ni kama kuanguka kutoka urefu wa mita 4, yaani kutoka juu ya paa la nyumba. Kugonga kwa kilomita 64 ni kama kuanguka kutoka mita 16, yaani kileleni mwa mnazi mrefu. Breki zilizotosha kukisimamisha kigari katika mita 8 zitataka mita 32. Na ndani ya injini yenyewe, gurudumu zito lililosubiwa kwa mwendo wa kwanza huvutwa kwenda nje kwa nguvu mara nne ya ile ya zamani. Likipasuka, vipande vyake havichagui pa kwenda.

Katika hesabu hiyo umelala ugomvi wa kale baina ya uhuru na kiasi. Kijana aonaye gavana kama kizuizi hakukosea kabisa, maana ni kizuizi. Kosa lake ni kudhani kwamba kila kizuizi kiliwekwa na mtu aliyemwonea. Aliyeweka gavana alikuwa amekwisha kuona chuma kikipasuka. Kizuizi chake ni maarifa yaliyopewa umbo la springi na wenzo. Kuyaondoa bila kuyaelewa ni kuchoma barua kabla ya kuisoma. Hata anayeamua kuyaondoa kwa haki, kwa mfano fundi wa mbio, huyaondoa baada ya kutia mahali pake gurudumu gumu zaidi, breki kubwa zaidi na fremu iliyo imara zaidi. Yeye hakuufuta mpaka. Ameuhamisha, naye amelipa gharama ya kuuhamisha.

Waswahili wana methali isemayo, mtoto akililia wembe mpe. Wengi huitumia kutetea ukali wa kufunza kwa maumivu: atakatwa, atajua, hatarudia. Methali hiyo ina hekima yake, lakini hekima hiyo ina mpaka uliomo ndani ya kitu chenyewe. Wembe humkata aliyeushika. Kigari hakiishii hapo. Kina watu watatu mbele yake: aliyekiunda, anayekipanda, na anayepita njiani. Wa kwanza anajua udhaifu wa kila kiungo, na akijihatarisha amejihatarisha kwa ujuzi. Wa pili anajua alichoambiwa tu. Wa tatu hajui lolote, hakuulizwa, wala hana sehemu katika furaha ile. Yumkini ni mama aliyejitwika ndoo ya maji, au mtoto anayefuata mpira. Methali ya wembe yaweza kusemwa juu ya wa kwanza. Juu ya wa pili husemwa kwa shida. Juu ya wa tatu haisemwi kabisa, kwa maana yeye hakuulilia wembe wowote.

Kwa hiyo dhima ya muundaji hupanuka kadiri ujuzi wa wengine unavyopungua. Kitu cha kiwandani huja na kibati cha jina la mtengenezaji. Kikiua, pana mlango wa kubisha. Kigari cha uani hakina kibati. Kibati chake ni uso wa aliyekiunda. Uso huo ndio utakaotazamwa na jirani siku ya msiba, na hapo kusema "chuma kilikuwa kikuukuu" hakutakuwa udhuru, bali kutakuwa ushahidi, kwa sababu ukuukuu wa chuma ndio jambo ambalo muundaji alilijua kuliko mtu mwingine yeyote. Sifa na dhima zimechimbuka katika kisima kimoja. Anayetaka kuitwa muundaji wakati wa shangwe hawezi kuitwa mwokotaji wakati wa maombolezo.

Itaulizwa basi: kama hatari ni hivyo, kwa nini kazi hii isikatazwe, na watoto wakaambiwa wakae mbali na vyuma mpaka wawe wakubwa? Pana busara inayopenda jibu hilo, na busara hiyo huonekana salama kwa sababu hasara zake hazitoi damu. Mtoto ambaye hakuruhusiwa kushika spana hawi na kovu. Wala hawi na ujuzi wa kwamba nati hukazwa kwa kiasi, kwamba petroli haimiminwi karibu na injini iliyo moto, kwamba chuma huonya kwa ufa mwembamba kabla ya kuvunjika. Atakua akiwa mtumiaji wa vitu asivyovielewa, naye atakuwa mtumwa wa kila anayevielewa. Mkono una elimu yake isiyoandikika vitabuni, na elimu hiyo, kama lugha, hushika mizizi ikianza mapema.

Tarihi ya mbio za magari ina ushahidi unaosema pande zote mbili. Ayrton Senna, aliyezaliwa mjini São Paulo mwaka 1960, alipata kigari chake cha kwanza akiwa na umri wa miaka minne. Baba yake ndiye aliyemwundia, kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi yenye nguvu ya farasi mmoja. Mtoto yule akawa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka 1988, 1990 na 1991. Tarehe 1 Mei 1994, akiwa na miaka 34, alikufa katika mashindano ya Imola, huko Italia. Mwenye haraka ataona hapa mstari mmoja ulionyoka kutoka uani mpaka kaburini, na atamlaumu baba. Lakini aliyefia ndani yake hakikuwa kigari cha vikuukuu. Lilikuwa gari la timu iliyokuwa miongoni mwa zilizo bora duniani, lililoundwa na wahandisi waliobobea, kwa vifaa vipya. Utajiri wa karakana haukuifuta hatari, kama umaskini wa ua haukuileta. Farasi mmoja kwa mtoto wa miaka minne kilikuwa kipimo. Na kutoa kipimo ndiyo kazi ya mzazi. Yale yaliyofuata mtu mzima aliyachagua kwa macho yaliyofunguka.

Neno "kipimo" ndilo linalokusanya yote yaliyotangulia. Kukataza kila kitu ni kukosa kipimo, na kuruhusu kila kitu ni kukosa kipimo kwa upande wa pili. Muundaji mwadilifu ni yule anayejiwekea gavana wake mwenyewe pale ambapo sheria haijafika uani kwake. Huyo hukipanda kigari chake kabla ya kumpandisha mwingine, na hukipanda kwa mwendo wa chini kabla ya mwendo wa juu. Hujaribu breki kabla ya kujaribu injini, maana chombo kisichosimama hakina faida ya kwenda. Hufunika mnyororo ili usiishike nguo wala kidole. Hutafuta uwanja ulio mtupu, wala haufanyi mtaa wa watu kuwa uwanja wake. Na akikitoa kwa mtu mwingine, kwa kuuza au kwa zawadi, husema waziwazi: hapa pamechomelewa mara mbili, tairi hili ni la toroli halikukusudiwa mbio, injini hii iliwahi kukaushwa mafuta. Maneno hayo hushusha bei, lakini huinua kitu kisicho na bei.

Tena yapo masharti ya heshima kwa wale watakaokuja nyuma. Fundi mwenye kuona mbali hufunga kwa bolti kila kiwezacho kufungwa kwa bolti, na huchomelea pale tu ambapo bolti haitoshi. Faida ya kwanza ya tabia hiyo ni ya matengenezo. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Kigari nacho kitazeeka. Siku moja mtoto atakuwa mtu mzima, injini itakataa kuwaka, na mvua italijia lile fremu uani. Siku hiyo atapita mwingine mwenye macho na mikono, atasimama, atainama na kutazama. Kama viungo vimefungwa kwa namna ya kufunguka, atapata ekseli, atapata mnyororo, pengine atapata na injini ya pampu ya maji ya bustani. Kama vimechomelewa ovyo kuwa donge moja, atapata mzigo wa mizani ya skrepa.

Hivyo ndivyo deni lisilolipika kwa waliotangulia linavyolipwa kwa wanaofuata. Muundaji wa vikuukuu alipokea kutoka kwa watu asiowajua. Wala hawezi kuwarudia akawashukuru, kwa kuwa majina yao yamefutika pamoja na rangi. Lililobaki katika uwezo wake ni kukiacha alichokishika katika hali ya kufaa tena, pamoja na maelezo ya kweli juu ya udhaifu wake, kwa mtu ambaye naye hatamjua. Akifanya hivyo, swali la kama yeye ni muundaji au mwokotaji hupoteza ukali wake, kwa maana atakuwa amezitimiza kazi zote mbili kwa uaminifu.